Kagua Bima Yako Kabla ya Masika: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Dar es Salaam

Aprili 2018 maji ya mvua yaliingia nyumbani kwetu saa nane usiku. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda taratibu kutoka kwenye mtaro wa nyuma, yakapenya chini ya mlango wa jikoni, na kulipopambazuka yalikuwa yamelowesha makochi na friji lilikuwa linaelea. Bima tulikuwa nayo. Nilikuwa nimeilipia miaka minne mfululizo bila kuchelewa hata siku moja. Nilipopeleka madai, nilionyeshwa ukurasa wa tatu wa mkataba wangu mwenyewe: moto, radi, mlipuko wa gesi ya kupikia. Mafuriko hayakuwemo. Ilikuwa bima ya moto, na miaka yote minne nilikuwa nikiiita "bima ya nyumba" kwa sababu ndivyo sote tunavyoiita.

Tangu mwaka ule, kila Februari nakaa mezani na makaratasi yangu, na mara nyingi na ya ndugu na majirani pia. Swali ninaloliuliza si kama bima ipo. Nauliza kama mkataba unaufahamu ule mtaro ulio nyuma ya nyumba. Utaratibu ninaoueleza hapa unachukua Jumamosi moja ya kusoma na kuzunguka, kisha siku chache za kufuatilia. Unahusu bima za mali, yaani nyumba, vitu vya ndani, bidhaa za dukani na gari, pamoja na bima za dhima, zile zinazomlipa mtu mwingine aliyeumia au aliyeharibikiwa mali kwa sababu yako.

Hatua ya 1: Anza jua likiwa bado linawaka

Mwambao wetu una misimu miwili ya mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutangaza utabiri wa kila msimu kabla haujaanza. Mimi nimefanya tangazo hilo kuwa kengele yangu. Likisomwa kwenye taarifa ya habari, natoa faili kabatini.

Kuwahi kuna sababu za msingi. Bima hulipa jambo ambalo bado halijulikani kama litatokea. Maji yakishajaa Jangwani na Barabara ya Morogoro ikafungwa, usitegemee kampuni ikuongezee kinga ya mafuriko jioni ile. Pili, kinga haianzi mpaka ada imelipwa. Ahadi ya "nitalipa mwisho wa mwezi" haikusaidii. Tatu, kampuni ikitaka kumtuma mkaguzi aione nyumba, ni heri aje kuta zikiwa kavu na wewe ukiwa na nafasi ya kurekebisha atakayokuonyesha.

Wala usidhani masika pekee ndiyo ya kuogopa. Mafuriko makubwa ya Dar es Salaam ya mwaka 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuwafanya wakazi wa bonde la Msimbazi wahamishiwe Mabwepande, yalitokea Desemba, msimu wa vuli. Zile mvua za El Niño ambazo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge Aprili 2024 kuwa zimeshaua watu 155 nchini, zilianza na vuli zikaungana na masika. Kwa hiyo ukaguzi ni mara mbili kwa mwaka: Februari kwa undani, na Septemba kwa kupitia haraka.

Hatua ya 2: Pata mkataba wenyewe

Watu wengi wana stika ya gari, risiti ya malipo na kavanoti, ile hati fupi ya kuonyesha kwamba bima imekatwa, basi. Mkataba wenyewe, ule wa kurasa nyingi, hawajawahi kuuona. Mwandikie wakala au kampuni uombe nakala kamili pamoja na jedwali lake. Jedwali ni ile karatasi yenye jina lako, anwani ya mali, kiasi kilichokatiwa bima, tarehe za kuanza na kuisha, na nyongeza ulizolipia. Ni haki yako kuipata.

Kisha hakiki kwamba bima ipo kweli. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki stika na hati za bima. Ingiza namba yako uone kama jina, mali na tarehe vinafanana na ulichonacho mkononi. Visipofanana, simama hapo kwanza. Hatua zinazofuata hazina maana mpaka jambo hilo linyooke.

Kama nyumba umeijenga au umeinunua kwa mkopo, benki ina nakala ya bima. Iombe. Mara nyingi bima iliyokatwa kupitia benki inalinda jengo, na fidia yake inaanzia kwenye deni lako la benki. Kabati, televisheni, cherehani na nguo za watoto huenda havimo kabisa. Nawe mpangaji, elewa kuwa bima ya mwenye nyumba haigusi godoro lako. Inabidi ukate ya kwako ya vitu vya ndani.

Hatua ya 3: Zunguka nyumba ukiwa na simu mkononi

Kabla hujasoma mkataba, kaione nyumba jinsi ilivyo leo, kwa sababu mkataba unaeleza nyumba jinsi ilivyokuwa siku ulipojaza fomu. Anzia getini, zunguka ukuta, ingia kila chumba, ukirekodi video na kutaja kwa sauti unachokiona: "Hili ni friji, tumenunua mwaka juzi, linafanya kazi." Fungua makabati. Piga picha namba za mashine. Ukimaliza, itume kwenye barua pepe yako au kwa ndugu aliyeko mji mwingine, maana simu nayo inaweza kulowa.

Risiti za EFD zipige picha siku ile ile uliyonunua kitu. Ile karatasi hufifia. Baada ya mwaka mmoja au miwili kwenye droo yenye joto unabaki na karatasi nyeupe. Nimeshuhudia jirani akimkabidhi mkadiria hasara bahasha nzima ya risiti ambazo hakuna hata moja iliyosomeka.

Angalia yaliyobadilika. Umejenga vyumba vya uani ukapangisha? Umefungua saluni au duka la M-Pesa kwenye fremu ya mbele? Umeweka paneli za sola juu ya bati, tangi la maji kwenye mnara, pampu ya kisima? Jirani wa juu amejenga ukuta uliogeuza njia ya maji? Hayo yote kampuni inapaswa kuyajua. Bima imejengwa juu ya uaminifu wa pande zote mbili, na jambo kubwa usilolitaja ndilo litakalotumika kukataa madai yako. Ukikata bima ya makazi na ndani mna biashara, umeweka shimo kwenye mkataba wako mwenyewe.

Kuna jambo zito zaidi kwa wanaoishi karibu na mito: Msimbazi, Mbezi, Tegeta, Kizinga, Mzinga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Kama nyumba yako imo ndani ya mita hizo, mweleze wakala ukweli, kwa maandishi. Huenda ukakataliwa kinga ya mafuriko. Najua inauma. Lakini ukijua Februari utahamisha vitu vya thamani na kujipanga. Ukijua Aprili utakuwa umelipa ada ya bure, na maji yako ndani.

Na tazama mapungufu yanayorekebishika: bati lililoinuka, misumari iliyolegea, mtaro ulioziba kwa taka, mwembe uliopinda kuelekea kwa jirani, ukuta wenye ufa. Bima hailipi uchakavu. Mkadiria hasara akikuta bati lililooza, atasema paa lilikwisha kabla ya upepo, na atakuwa na hoja. Rekebisha, tunza risiti ya fundi, piga picha ya kabla na ya baada.

Hatua ya 4: Soma majanga moja moja

Sasa kaa chini na kalamu ya rangi. Mkataba wa kawaida wa moto hulinda dhidi ya moto, radi na baadhi ya milipuko. Mengine huongezwa kwa kulipia: dhoruba, mafuriko, kupasuka kwa mabomba, tetemeko, ghasia na uharibifu wa makusudi, gari kugonga jengo. Mikataba ya kifurushi ya nyumba na vitu vya ndani huwa na majanga mengi zaidi, lakini huwa na masharti yake. Pigia mstari kila janga lililotajwa. Lisilotajwa, hesabu kuwa halimo.

Neno linalohitaji utulivu kuliko yote ni maji. Kwetu maji ni maji. Kwenye bima kuna maji ya aina nne au tano. Mto au mtaro ukifurika ukaingia ndani, hayo ni mafuriko. Upepo ukiezua bati na mvua ikanyesha sebuleni, hiyo ni dhoruba. Bomba likipasuka bafuni, hilo ni janga la bomba. Unyevu unaopanda ukutani kutoka ardhini kidogo kidogo, au mvua inayovuja penye tundu la siku nyingi, hauna jina kwenye orodha ya majanga. Ni uchakavu, haulipwi. Na maji machafu yanayorudi ndani kupitia choo mtaro ukizidiwa, hilo mikataba hutofautiana sana, na Dar es Salaam ndilo linalotokea mara nyingi. Uliza swali hili kwa maneno haya haya, upewe jibu la maandishi: "Mvua ikinyesha na shimo la choo likafurika na kuingia ndani, nitalipwa?"

Kisha tafuta ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ambayo mawakala huiita ekses. Kwa mafuriko huwa kubwa kuliko kwa moto, na pengine huandikwa kama asilimia. Soma vizuri asilimia ya nini. Asilimia 10 ya hasara iliyotokea na asilimia 10 ya kiasi chote kilichokatiwa bima ni mambo mawili yaliyo mbali. Nyumba iliyokatiwa milioni 100, hasara ikiwa milioni 8: kwa hesabu ya kwanza unabeba laki nane, unalipwa milioni 7 na laki mbili. Kwa hesabu ya pili unabeba milioni 10, yaani hulipwi chochote.

Wenye maduka na stoo, kuna sharti moja linalowaangusha wengi: bidhaa zisikae sakafuni moja kwa moja bali juu ya mbao au rafu, kwa kimo kilichotajwa kwenye mkataba. Nunua mbao Februari. Na kama una bima ya hasara ya kusimama kwa biashara, fahamu kwamba kwa kawaida inalipa pale duka lako lenyewe limeharibiwa na janga lililotajwa. Barabara ikifungwa wiki nzima na wateja wasifike, huku duka likiwa kavu, hiyo haitoshi mpaka uwe na nyongeza inayosema hivyo.

Hatua ya 5: Hesabu thamani upya

Hapa ndipo fidia nyingi hupungua, na wengi hawaelewi kwa nini. Kiasi unachokatia bima ya jengo kinatakiwa kuwa gharama ya kulijenga upya leo: saruji ya leo, nondo ya leo, fundi wa leo, pamoja na kusafisha kifusi na kulipa msanifu. Siyo bei ambayo ungeuza nyumba. Kiwanja hakiungui wala hakizami. Ukikata bima kwa bei ya soko ya nyumba ya Mikocheni, sehemu kubwa ya ada unalipia ardhi ambayo haitakuja kufidiwa.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Tuseme nyumba uliikatia bima kwa shilingi milioni 60 miaka saba iliyopita, na leo kuijenga upya ni milioni 120. Mafuriko yanakuletea hasara ya milioni 20. Utasema milioni 20 ni ndogo kuliko 60, basi nitalipwa zote. Hapana. Umekatia bima nusu ya nyumba, kwa hiyo kampuni inalipa nusu ya hasara: milioni 10, ukitoa ekses. Kanuni hii ya uwiano imo karibu katika kila mkataba wa mali, na inafanya kazi hata kama hasara ni ya dirisha moja.

Namna rahisi ya kuhesabu: mwite fundi mkuu unayemwamini au mkadiriaji majenzi, mpe vipimo vya nyumba, akupe gharama kwa mita ya mraba ya kujenga nyumba ya kiwango hicho mtaani kwako, kisha zidisha. Kwa jengo kubwa, mlipe mthamini aliyesajiliwa akuandikie ripoti. Kampuni ikiipokea mwanzoni, ubishi wa thamani baadaye unapungua sana.

Kwa vitu vya ndani, pita chumba kwa chumba kwenye ile video. Angalia kikomo cha kitu kimoja: dhahabu, kamera, kompyuta na fedha taslimu huwa na dari yake, na kilichozidi dari kinatakiwa kuorodheshwa kwa jina. Mwenye duka akadirie bidhaa kwa mwezi ambao stoo imejaa, si kwa wastani. Kama masika inaangukia karibu na Idi na umeshusha kontena, bidhaa zako Machi si zile za Januari. Mwambie wakala apandishe kiasi kwa miezi hiyo, kisha akishushe.

Hatua ya 6: Dhima, na pale unapokutana na jirani

Kuta za uzio huanguka wakati wa masika. Udongo unalowa, msingi unalegea, ukuta wa tofali unamwangukia jirani kwenye jiko lake, au Mungu apishe mbali, mtoto anayepita kwenda shule. Mti wako unalalia bati la watu. Bango la duka linang'oka. Shimo la choo linafurika uani kwa mwenzio. Mpangaji anateleza kwenye ngazi ambayo ulimwahidi kuiwekea taa. Yote haya ni madai dhidi yako, na bima ya jengo lako hailipi hata shilingi kwa jirani, mpaka uwe na kinga ya dhima.

Tafuta kwenye mkataba kama ipo. Kifurushi cha nyumba mara nyingi huwa na dhima ya mwenye nyumba kwa kiwango kidogo. Wenye maduka, nyumba za wageni, shule na mafremu wanahitaji bima ya dhima kwa umma ya peke yake. Angalia kikomo cha tukio moja na kikomo cha mwaka mzima. Angalia kama gharama za wakili zimo ndani ya kikomo au zinalipwa nje yake. Halafu jiulize bila kujidanganya: kikomo kilichoandikwa kinatosha matibabu ya mtu aliyevunjika nyonga akalazwa miezi miwili? Kuongeza kikomo cha dhima mara nyingi ni nafuu kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana mimi nikiwa na shilingi chache za kuongeza, huanzia hapa.

Mfanyakazi wako wa kuajiriwa ni habari nyingine. Akiumia kazini, Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri anapaswa kujisajili na kuchangia. Dhima kwa umma kwa kawaida haimhesabu mfanyakazi wako kuwa ni "umma".

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaona likisemwa inavyostahili. Ukuta wako ukimwangukia jirani, mtaani kwetu mambo hayaendi kwa barua. Mnakutana chini ya mwembe, mjumbe yupo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa yupo, wazee wanasema maneno ya busara, na kabla ya magharibi umeshaandikishwa: "Mimi fulani nakiri kwamba ukuta wangu umesababisha hasara na nitalipa shilingi kadhaa ndani ya siku 30." Unasaini kwa moyo mweupe. Kesho yake unapeleka madai, na kampuni inakuonyesha kifungu kinachosema mteja asikiri kosa wala asiahidi malipo bila idhini yao. Umeulinda ujirani, umeipoteza kinga.

Vyote viwili vinaweza kulindwa. Mpeleke majeruhi hospitali, mara moja. Hakuna bima inayokukataza kuokoa mtu. Panapohitajika fomu ya PF3, ifuatilie polisi. Mpe jirani pole, mpe chakula, mpe chumba cha kulala, funika jiko lake kwa turubai. Kwenye kikao sema: "Nimeliona tatizo, nina bima, naomba nitoe taarifa leo leo na mkadiria hasara aje." Karatasi ikiletwa, iandikwe yaliyotokea tu: siku, saa, kilichoanguka, kilichoharibika. Mistari ya nani ana kosa na nani atalipa kiasi gani ibaki wazi mpaka kampuni ijibu. Mweleze mjumbe wako haya mapema, kiangazi, kabla ya ukuta wa mtu yeyote kuanguka. Wetu nilipomweleza alishukuru, kwa sababu naye hakupenda kuandikisha watu ahadi ambazo hawawezi kuzitimiza.

Hatua ya 7: Gari

Bima ndogo, ile ambayo sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, inamlipa mtu mwingine uliyemgonga au kumharibia mali. Gari lako likizama Jangwani, bima ndogo haihusiki. Bima kubwa ndiyo inayoweza kulipa, na hata hapo soma kama mafuriko yametajwa na ekses yake ni ngapi. Hakikisha pia thamani ya gari iliyoandikwa ni ya leo. Magari hushuka thamani, na ukiliandika kwa bei ya juu utalipa ada zaidi bila kupata fidia zaidi.

Na hili lishike: maji yakishafika usawa wa injini na gari likazimika, usiliwashe tena. Injini ikivuta maji huvunjika ndani, na kampuni inaweza kudai kwamba hasara hiyo umeisababisha wewe kwa kuwasha na siyo mafuriko. Lisukumwe, livutwe kwa kamba, lifike kwa fundi likiwa limezimwa.

Hatua ya 8: Omba mabadiliko kwa maandishi, lipa mahali sahihi

Andika barua moja fupi au barua pepe: namba ya mkataba, yaliyobadilika nyumbani, kiasi kipya unachotaka, majanga unayotaka yaongezwe, na maswali yako ya maji. Usitosheke na "usijali, kaka, imo" ya kwenye simu. Wakala wako anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado akasahau, akahama kazi, au akakosea. Kinachokulinda ni karatasi ya nyongeza ya mkataba yenye tarehe.

Kama una mali nyingi au biashara, mtumie dalali wa bima. Wakala huiuzia kampuni, dalali hukutafutia wewe, na anaweza kukuletea bei za kampuni tatu kwa masharti yanayolinganishika. Unapolinganisha bei, kumbuka ada ya bima ya mali na gari ina VAT. Hakikisha bei zote zimehesabiwa nayo. Na usilinganishe ada peke yake. Weka kando kwa kando ekses ya mafuriko, dari ya dhima, na orodha ya majanga.

Lipa kwa kumbukumbu namba au akaunti yenye jina la kampuni, si kwenye namba ya simu ya mtu. Ukishalipa, rudi kwenye mfumo wa TIRA uhakiki tena.

Hatua ya 9: Maji yakiingia

Watu kwanza, umeme wa kwenye mita uzimwe kama unafikika pakavu, kisha picha. Piga picha alama ya maji ukutani kabla hujaifuta. Toa taarifa kwa kampuni siku ile ile. Mikataba huweka muda, na mwingine ni mfupi. Moto piga 114, polisi 112, na ripoti zao zitahitajika. Kwa mafuriko, barua ya serikali ya mtaa husaidia, na kampuni inaweza kutaka uthibitisho wa TMA kwamba mvua au upepo ulikuwepo siku hiyo.

Okoa kinachookoleka, maana mkataba unakutaka uzuie hasara isikue, lakini usitupe kilichoharibika mpaka mkadiria hasara akione. Lile godoro linalonuka liweke uani chini ya turubai. Ukilichoma, umechoma ushahidi.

Usiporidhika na uamuzi, omba sababu za kukataliwa kwa maandishi zikitaja kifungu. Soma kifungu hicho. Kama bado huoni haki, yapo malalamiko kwa TIRA, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako mlalamikaji halipi chochote. Nenda na mkataba, barua zote na zile picha.

Hatua ya 10: Septemba, pitia tena, na uwaze Desemba

Ukaguzi wa kabla ya vuli ni mfupi: mtaro, bati, ukuta, tarehe ya kuisha kwa bima, kiasi cha bidhaa za mwisho wa mwaka. Kuna kitu kimoja tu kinachohitaji umakini mpya, nacho ni safari. Desemba nusu ya mtaa hufunga milango kwenda Moshi, Bukoba, Mbeya. Mikataba mingi ya nyumba husitisha au hupunguza kinga, hasa ya wizi na ya maji, nyumba ikikaa bila mtu kwa zaidi ya siku 30 mfululizo. Soma idadi ya siku iliyoandikwa kwenye mkataba wako. Muachie ndugu au mlinzi alale ndani, mwandikie wakala tarehe za kuondoka na kurudi, funga valvu ya maji, toa plagi ukutani. Na ukifika kwenu, ukaamua kubaki hadi Februari, mpigie simu wakala kisha umwandikie kabla zile siku hazijaisha.